Umekula Nini Asubuhi?

Mwalimu hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu habari za nyumbani. Ulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka kama mtu anayefukuza nzi, kisha akakutazama juu ya miwani na kuuliza, "Umekula nini asubuhi?" Alimuuliza hivyo mtoto wa darasa la kwanza, alimuuliza Mchungaji, na siku moja alimuuliza Bwana Shauri mwenyewe, Mwingereza aliyepanda huku kukagua shule na kofia yake ngumu kichwani. Bwana Shauri alidhani ni maamkizi ya Kimeru. Akajibu kwa adabu kwamba amekula mayai. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni, na tangu siku hiyo kila serikali ilipochelewesha jambo alisema, "Mtafanyaje? Wanakula mayai."

Imani yake ilikuwa moja, na aliishika kuliko hata ile ya Kilutheri: kumbukumbu huingilia mdomoni. Kwake mtu hakusahau kwa bahati mbaya. Amekula kitu. Mayai yalifanya akili iteleze. Maini yalifanya mtu akumbuke ugomvi tu. Maparachichi yalisahaulisha majina, ndizi mbivu zilisahaulisha ahadi. Lakini adui mkubwa wa elimu alikuwa loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando, chakula ambacho huku mlimani tunakula tangu meno yanapoota. Mwalimu alisema maziwa ya mgando huganda mara ya pili kichwani. Dawa yake ilikuwa dagaa.

Naandika habari zake sasa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Mimi ni mtu wa haya; nikiwa na watu zaidi ya watatu sauti yangu hurudi tumboni. Likizo hii nilimkuta Mwalimu amesahau kweli kweli, si kwa mchezo. Mwanawe wa kwanza, ambaye ni karani mjini na anakaa Kijenge, alitaka kumhamishia kwake. Mama Mwalimu, mkewe, akakataa. Wakabishana hadi mzee wa kanisa akaitwa, na mbele yake Mama Mwalimu akaweka sharti lake mwenyewe: "Siku atakayonitazama asijue mimi ni nani, mchukue. Sitakuzuia. Lakini kabla ya siku hiyo usinisogelee na masanduku." Karani akakubali. Akasema atakuja Jumapili ya mwisho wa likizo, baada ya ibada, waone.

Nitafika hapo. Kwanza nataka aonekane alivyo, maana watu wameanza kumzungumzia kama marehemu, kwa sauti ya chini na kwa sifa za uongo. Mwalimu si mtu wa sauti ya chini.

Kwa umbo ni mrefu na mwembamba. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake darasani na kufundisha, na soksi zake ndefu mara nyingi hazikuwa ndugu. Kalamu aliiweka nyuma ya sikio, kisha akalituma darasa zima kuitafuta chini ya madawati. Tuliitafuta kwa bidii sana, kwa kuwa muda uliokuwa chini ya dawati haukuwa muda wa hesabu. Hakuna hata mmoja aliyemwonyesha ilipo.

Majina yalimpita kama maji kwenye chekecheo. Chakula hakikumpita. Siku yangu ya kwanza shuleni aliniuliza swali lake, nikanong'ona, "Viazi vitamu." Basi. Jina nililobatizwa nalo lilibaki kanisani; shuleni nikawa Viazi Vitamu mpaka nilipomaliza darasa la nne. Hata leo nikishuka kwenye basi na sare yangu ya shule ya bweni, wanaume wazima wenye ndevu hunipungia mkono. "Viazi Vitamu! Umerudi!" Nami hutamani ardhi inimeze pamoja na sanduku langu. Lakini sina haki ya kulia. Kuna dada mmoja alijibu siku hiyohiyo kwamba amekula kiporo, akaitwa Kiporo mpaka siku ya ndoa yake, na Mchungaji nusura amtaje hivyo mbele ya madhabahu.

Darasani fimbo yake ilikuwa na tabia ya ajabu. Ukikosea saba mara nane aliiinua juu, akaishikilia hapo, akauliza, "Umekula nini asubuhi?"

"Loshoro, Mwalimu."

"Ahaa!"

Alifurahi mno. Fimbo ilirudi kwenye kona yake, na badala ya viboko ulipata hotuba juu ya maziwa. Kosa halikuwa lako tena, lilikuwa la kibuyu cha mama yako. Sasa, watoto si wajinga. Haikutuchukua muda kuiona njia ya kupita. Aliyekosea alisema amekula loshoro, hata kama alikunywa uji mtupu. Aliyepata alisema amekula dagaa, maana Mwalimu alimpigia makofi na kumwacha akae kwa amani. Hivyo kila siku iendayo kwa Mungu ushahidi uliongezeka. Wenye dagaa walijua, wenye loshoro hawakujua. Sidhani kuna elimu duniani iliyothibitishwa vizuri namna ile, na yote ilisimama juu ya uongo wa watoto wanaoogopa fimbo.

Ukweli ni kwamba dagaa hawakuwahi kuingia katika nyumba zetu. Wazee wetu hawali samaki. Kwao samaki ni jamaa ya nyoka aliyehamia majini, na mtu mwenye ng'ombe hana haja ya kushindana na bata kwa chakula. Wengi wetu hatukujua dagaa anafananaje. Tulijua jina lake tu, kama tulivyolijua jina la mto Yordani.

Aliyetufichua ni mvulana mmoja Mwarusha kutoka Olasiti, aliyekuwa akikaa kwa mjomba wake jirani nasi. Alikuwa mzito wa hesabu kupita sisi wote, lakini siku moja kwa bahati akapata.

"Umekula nini asubuhi?" Mwalimu akauliza, amejaa furaha.

"Dagaa, Mwalimu."

Labda alitamka kwa majivuno mno. Mwalimu akamkazia macho. "Dagaa ana miguu mingapi?"

Mvulana akatutazama. Sisi tukatazama dari.

"Minne, Mwalimu."

"Minne?"

"Mkubwa ana minne," akasema mvulana, jasho likimtoka. "Mdogo ana miwili."

Mtu mwingine pale angetambua kwamba amekuwa akidanganywa miaka yote. Mwalimu alitambua jambo jingine: kwamba sisi ni maskini wa dagaa, na kwamba mvulana yule, ikiwa amepata hesabu kwa kumtaja dagaa tu, je, akimla itakuwaje? Akaenda Kikatiti barabarani kwa mwenye duka, Mhindi mpole tuliyemwita Bhai, akaagiza gunia zima la dagaa kutoka Mwanza.

Walipikwa uwanjani mwa shule. Harufu ilipanda mlima kabla ya moshi. Tulipanga mstari na vibakuli vyetu tukiwa tumebana pua, wengine wakilia, na kabla mtoto wa kwanza hajapakuliwa akatokea bibi yake Kiporo akiwa na fimbo kubwa kuliko ile ya Mwalimu, na nyuma yake akina mama wa kijiji kizima.

"Wewe kijana," akasema, na Mwalimu wakati huo alikuwa na mvi tayari, "unawalisha nini watoto wetu?"

"Samaki, Mama. Chakula cha akili."

"Hawa ni nyoka waliotolewa tumboni kabla ya siku zao."

"Mama, hata mitume walikuwa wavuvi!"

"Walivua. Nani kasema walikula?"

"Bwana mwenyewe alikula samaki wa kuokwa! Imeandikwa!"

"Wapi?"

Mwalimu akakimbia ofisini akarudi na Biblia. Akafungua mwanzo, akafungua mwisho, akalamba kidole, akapekua katikati. Sote tukangoja. Mvuke wa sufuria ukaendelea kupanda. "Imo," akasema. "Imo humu ndani, nimeisoma kwa macho yangu!"

Bibi akamwacha apekue mpaka akachoka. Halafu akamuuliza taratibu, "Umekula nini asubuhi, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba Mwalimu hawezi kusema uongo hata akiuhitaji. "Dagaa," akajibu kwa sauti ndogo.

Akina mama walicheka mpaka wakakaa chini majanini. Sisi tulirudishwa nyumbani, tukala loshoro.

Gunia lile alilimaliza yeye na paka. Na hili nalijua kwa Mama Mwalimu mwenyewe: hakuwapenda dagaa hata kidogo. Amezaliwa hukuhuku, ulimi wake ni wa hukuhuku. Alifumba macho, akabana pua, akameza kama mtu anayemeza kwinini, kisha akakaa kimya kidogo akisubiri akili ifike. Paka, ambaye hakubana pua, alinenepa na kuanza kuja akiitwa. Mwalimu alimwonyesha wageni kama mfano.

Kusahau kwake mwenyewe hakukumtikisa kamwe, kwa sababu neno "nimesahau" halikuwemo kinywani mwake. Aliliweka "nimekula" mahali pake. Kuna mara alishuka Kikatiti kwa baiskeli na kurudi kwa miguu, njia nzima ya mlima, akifikiri mambo yake. Alipofika nyumbani akaona baiskeli haipo. Akapiga kengele ya shule jioni, akatukusanya, akatuhubiria juu ya wizi hadi wadogo wakaanza kukiri makosa mengine kabisa. Jumapili akaomba kanisani Mungu amguse mwizi. Jumatatu lori la Bhai likapanda, baiskeli imelala juu ya magunia ya chumvi.

"Mwalimu," Bhai akasema kutoka dirishani, "umeacha farasi wako dukani. Siku tatu anangoja."

Mwalimu akaitazama baiskeli, akamtazama Bhai. "Zile bhajia ulizonipa," akasema, "uliweka nini ndani?"

Huyo ndiye yeye. Mwizi alikuwa bhajia.

Sasa nimseme Mama Mwalimu, maana huwezi kumweleza huyu bila yule, kama vile huwezi kueleza mlango bila fremu. Ni mfupi, mnene, mwepesi wa ulimi. Wakati sisi tulipigwa na hotuba za chakula saa za shule tu, yeye alizipata mchana na usiku, na alikuwa na namna yake ya kuzijibu.

"Ulisahau kufunga zizi. Mbuzi wamekula maharage yangu. Hiyo nayo ni loshoro?"

"Hapana. Huo ulikuwa mtori wa jana."

"Mtori wa jana uliupika wewe."

"Ndiyo maana."

Mbele ya watu alimcheka, lakini amri alizitii. Siku za shule hapakuwa na loshoro katika nyumba ile. Siku shule ilipofungwa, hata kabla hatujamaliza wimbo wa kuagana, ungemsikia Mwalimu akipaza sauti kutoka njiani, "Mama! Teremsha kibuyu!" Kwa kuwa likizo, alisema, ni ya kusahau. Serikali yenyewe imeruhusu. Basi alikaa kwenye kigoda uani akala loshoro, bakuli juu ya bakuli, huku masikio yakicheza. Sijawahi kumwona mtu akisahau kwa furaha kiasi kile. Mama Mwalimu alisimama mlangoni mikono kiunoni akimtazama, naye akawa na sura ambayo hakuwa nayo siku nyingine. Mimi nilikuwa nikipitisha kichwa kwenye ua wa masale, nikiwaona, na nilikuwa naona haya bila kujua kwa nini, maana walikuwa wazee na walikuwa wanakula tu.

Kuna jambo moja haliingii katika picha hii ya mzaha, nami nitaliweka hivyohivyo lilivyo. Wakati mwingine mtoto aliulizwa swali lile akajibu, "Sijala." Miaka ya ukame walikuwepo wengi. Kwa jibu hilo Mwalimu hakuwa na hotuba. Aligusa mifuko yake, akakunja uso, akasema, "Wewe, kimbia nyumbani kwangu, mwambie Mama nimesahau miwani." Mtoto alikwenda. Mama Mwalimu hakutafuta miwani yoyote. Alimketisha mtoto jikoni, akampa uji wa maziwa na kipande cha kiazi, akamrudisha na ujumbe kwamba miwani haikuonekana. Mwalimu akasema, "Basi, haidhuru," akaendelea kufundisha. Miwani alikuwa ameivaa muda wote. Tulimcheka sana kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikwenda kutafuta miwani ile zaidi ya mara moja, nikarudi nimeshiba, nikacheka pamoja na wenzangu.

Basi nikaenda shule ya bweni, na kila likizo nilimkuta vilevile, mpaka hii.

Nilimkuta uani, amekaa juani. Nikamwamkia. "Umekula nini asubuhi?" akaniuliza, nami nikafurahi kuona dunia ipo mahali pake.

"Uji, Mwalimu."

"Vizuri." Akatazama mlima kidogo. "Umekula nini asubuhi?"

"Uji, Mwalimu."

"Vizuri." Paka akapita. "Umekula nini asubuhi?"

Nikadhani ananitania, nami mara hii moja katika maisha yangu nikathubutu kumtania mtu mzima. "Nyama ya twiga, Mwalimu."

"Vizuri," akasema.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama Mwalimu alinivuta jikoni. Aliniambia tangu masika amekuwa hivyo. Kuna asubuhi anaamka mzima kabisa, anamsumbua kama zamani. Kuna asubuhi anamwamkia kwa heshima kama mgeni na kumuuliza ameolewa na nani. Mwezi uliopita alipotea. Wakamkuta ndani ya shamba la kahawa akiifundisha miti hesabu za kuzidisha, na akaisifu kwa nidhamu. Ndipo karani alipopata habari na kuja juu. Karani si mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huongea kwa amri, kama Boma la serikali.

"Lakini ni mimi," Mama Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ambayo si yake. "Nilimwibia. Siku za shule nilipomwona amechoka nilikuwa nikimtilia maziwa ya mgando kwenye uji. Kidogo kidogo. Miaka yote ile. Hakujua. Sasa ona."

Nilimtazama nikifikiri anafanya mzaha. Mwanamke aliyemcheka mumewe miaka yote kumbe ndiye aliyemwamini peke yake.

Na kwa kuwa aliamini, alikuwa akimtibu. Dagaa asubuhi, dagaa mchana, dagaa jioni. Mwalimu alikuwa amesahau kwamba dagaa ni dawa, akakumbuka tu kwamba hawapendi, akawa anageuza uso kama mtoto. Shingo ilikuwa imebaki ya kuku. Nilitaka kumwambia Mama Mwalimu kwamba dawa ile haina maana, na nilijua kwa nini haina maana, lakini sauti yangu ilikuwa imekwisha kurudi mahali pake pa kawaida.

Mungu akamtuma mtu mwenye mdomo. Dagaa waliletwa kutoka mjini na basi la Moshi, na utingo wa basi hilo sasa ni yule Mwarusha wa Olasiti. Siku hiyo alipanda mwenyewe na kifurushi, akamwamkia Mwalimu, akamwona alivyokonda.

"Shikamoo, Mama. Hawa dagaa anakula nani?"

"Marahaba. Si ni huyu mwalimu wenu! Arudishe kumbukumbu."

Utingo akacheka. "Mama, nani kakuambia?"

"Nyie! Kila siku alikuja akaniambia: leo fulani amekula dagaa, amepata zote."

"Mama, mimi dagaa nimemwona kwa mara ya kwanza kwenye basi. Nilimgeuza tumbo juu nikimtafuta miguu." Akaona Mama Mwalimu hacheki, akashusha sauti. "Tulikuwa tunadanganya, Mama. Sote. Tukipata tunasema dagaa, tukikosa tunasema loshoro. Muulize Viazi Vitamu huyu hapa."

Mama Mwalimu akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sote?"

"Sote, Mama."

Akakaa juu ya gogo la kuni. Kwanza alicheka, mpaka kitambaa cha kichwa kikamlegea. Halafu akalia kidogo. Halafu akasimama, akachukua kifurushi, akampa paka chote, na kibuyu kikateremshwa siku ya kazi, jua la mchana likiwaka, bila likizo yoyote.

Mwalimu akanenepa. Mashavu yalirudi. Kumbukumbu haikurudi. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho alimjua mkewe na kumgombeza kwa ajili ya zizi, naye akagombezwa kwa raha. Jumatano alimuuliza tena ameolewa na nani. Alhamisi hakumuuliza kitu. Mama Mwalimu hakumwambia mtu yeyote ila mimi, nadhani kwa sababu kuniambia mimi ni kama kuambia ukuta. Jumamosi aliniambia, "Kesho uje unisaidie kupika. Neno langu nimelitoa mwenyewe. Sitajificha."

Jumapili karani akaja na gari la kukodi. Akateremsha sanduku tupu, kubwa, na mzee wa kanisa akatembea nyuma yake akitamani kuwa kwingine. Mama Mwalimu alikuwa amepika ndizi na nyama. Aliwanawisha wageni mikono, akapakua, na wote wakamtazama Mwalimu mpaka alipomaliza sahani ya kwanza. Alikula kwa bidii, jasho likimtoka puani. Mimi nilisimama na birika la maji.

Karani akaweka chakula chake chini. Hakuwa amekigusa.

"Baba, chakula kizuri?"

"Kizuri sana."

"Nani kapika?"

Mwalimu akaonyesha kwa kidevu. "Mama huyu hapa."

"Mama huyu ni nani, Baba?"

Mama Mwalimu hakumsaidia. Hakutabasamu, hakukohoa, hakumwonyesha pete. Alisimama tu, upawa mkononi, akimwangalia. Mwalimu naye akamtazama. Alimtazama muda mrefu, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenyeji wake.

"Simjui," akasema. Kisha akamwinamia karani. "Lakini mke wangu asisikie. Kwa ndizi, huyu anampita."

Mzee wa kanisa akakohoa. Karani alikuwa ameshinda, na hakuonekana kujua auweke wapi ushindi wake.

"Umesikia," Mama Mwalimu akasema. "Neno langu ni neno langu. Lete sanduku, nimkunjie nguo zake." Akaenda ndani, akarudi na kaptula mbili na shuka, akaanza kukunja.

"Baba," karani akasema, "twende Kijenge."

"Kijenge kuna nini?"

"Kwangu. Kuna maji ya bomba. Utapumzika."

"Nani atanipikia?"

"Mke wangu, Baba."

"Anapika nini?"

"Wali. Chapati. Chochote utakacho."

Mwalimu akafikiri. Niliona anafikiri kweli, paji la uso likijikunja kama zamani alipokuwa akipekua Biblia. Akatazama sahani yake. Akamtazama yule mama anayekunja kaptula.

"Hapana," akasema. "Mkeo sina neno naye, mpe salamu. Mimi nitabaki hapa na mama huyu." Akavuta soksi zake juu, akamgeukia. "Kama mumeo hana neno."

Mikono ya Mama Mwalimu ikasimama.

"Sharti, Mama," karani akasema, lakini polepole.

"Sharti lilikuwa anijue. Hakunijua."

"Sharti mliliweka ninyi wawili," mzee wa kanisa akasema, kwa mara ya kwanza siku ile. "Yeye hakuulizwa. Sasa ameulizwa, amejibu."

Karani akainamisha kichwa, akafikiri. Akalisukuma sanduku chini ya benchi kwa mguu, akavuta sahani yake ya ndizi zilizopoa, akaanza kula.

Mwalimu alikuwa bado anangoja jibu. "Mama, mumeo," akakumbusha. "Wanaume wengine wana wivu."

"Huyu hana," Mama Mwalimu akasema. "Alikuwa nao, ameusahau."

"Amekula kitu."

"Labda."

Mwalimu akaridhika, akasogeza sahani. Kisha wasiwasi ukamrudia, akashusha sauti, ingawa sote tulimsikia. "Na mke wangu je? Atanitafuta. Yule ana mdomo."

"Hatakutafuta," Mama Mwalimu akasema, akiinama kumpakulia tena. "Anajua uliko."